Mwanachuo anayemfundisha mwanao: anajifunzia kunyoa kichwani kwake?

SWALI: Kaka shikamoo. Naomba msaada wa mawazo. Tupo Massachusetts mwaka wa tatu sasa, mwanangu yupo grade ya 10 kwenye hai skuli ya serikali, shule imechanganyika kweli kweli, kuna Wadominika, Waghana, Wavietnam, Wabrazili, Wakongo na sisi. Juzi tumeletewa barua kwamba shule ina ubia na chuo kikuu wa kufundisha walimu, na kwenye somo la baiolojia mwaka huu mzima kutakuwa na mwanachuo anafundisha. Baba yake amekuja juu, anasema shule za wenye pesa huwezi kukuta mambo haya, hawa wanajifunzia kunyoa kwenye vichwa vya watoto wa wahamiaji, anataka tumhamishe. Mimi sijui nishike lipi. Alhamisi kuna kikao cha wazazi. Mtoto hataharibikiwa kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole na msukosuko wa humo ndani. Shemeji naye mpe pole, hasira yake naielewa, na huko mbele nitamtetea kidogo kabla sijampinga.

Nianze kwa kujianika ili ujue unayemsikiliza ni nani. Mi nimefundisha sekondari nyumbani miaka tisa, baiolojia na kemia, alafu nikaja huku, na sa hivi kazi yangu ni hiyohiyo inayowatia wasiwasi, natoka chuo kikuu naenda kukaa nyuma ya madarasa ya watu kuangalia wanachuo wanavyofundisha. Kwa hiyo nina upande, sikufichi. Ila nimeshaona ubia wa kweli na nimeshaona wa kuigiza, ndo maana sikwambii usiwe na wasiwasi, nakupa swali la kwenda nalo: siku mwanachuo akisimama mbele, mwalimu mwenyewe wa somo atakuwa wapi? Kama yumo humohumo darasani, anazunguka, anasikiliza, anakaa na watoto waliokwama, basi mwanao kapata walimu wawili mahali pa mmoja. Kama kaenda zake ofisi ya walimu na kikombe cha kahawa, basi shemeji yuko sahihi na mi nitakusaidia kuandika barua ya malalamiko.

Hofu yenu inajulikana inakotoka. Sote tuliosoma nyumbani tunawajua walimu wa TP, wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wanakuja kundi, wamechomekea, viatu vinang'aa, wanakaa wiki kadhaa, na wanafunzi wanawapa majina ya utani siku ya kwanza tu. Mwalimu mwenye somo akiwaona anamshukuru Mungu, anawakabidhi azimio la kazi, boksi la chaki na darasa la watoto sabini, haonekani tena mpaka waondoke. Supavaiza wa chuo anakuja mara moja, akijitahidi mbili, na siku ya kuja inajulikana. Mimi mwenyewe nilipokuwa TP, nakiri leo kwa vile miaka imepita, niliwaambia form two wangu hivi: kesho nikiuliza swali wote mnyooshe mkono, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Supavaiza kakaa nyuma na fomu yake anaona msitu wa mikono, nachagua wa kulia tu, majibu yanatoka kama maji. Nikapata A. Watoto walijifunza nini siku ile? Kuniokoa.

Alafu kuna kumbukumbu nyingine nzito zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilitaka kila mtoto awe darasani haraka, hiyo ndo UPE, elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza la saba wakawekwa wafundishe huku wanajifunzia ualimu kazini. Na miaka ya 2000 shule za kata zilipoota kama uyoga, kuna waliomaliza form six wakapigwa kozi ya muda mfupi wakatupwa darasani, mtaani wakaitwa vodafasta, jina la huduma ya kuongeza salio chapchap. Kuna vodafasta waliowafundisha wadogo zangu vizuri kuliko wenye digrii zao, hilo niseme, ila jina lilibaki kama tusi, na mzazi aliyepitia kipindi kile akisikia mwanachuo atamfundisha mwanao lazima masikio yamsimame.

Sasa hiki mlichoandikiwa, kama ni cha kweli, ni kitu kingine, na kina historia yake. Marekani nao walikuwa na TP yao ya hivyohivyo, wiki kadhaa mwishoni mwa chuo, profesa anachungulia mara mbili, kwisha. Mwaka 1986 wakuu wa vitivo vya elimu vya vyuo vikuu vikubwa, kundi lililojiita Holmes Group kwa jina la Henry Holmes aliyewahi kuongoza kitivo cha elimu Harvard miaka ya 1920, wakatoa ripoti ya kujikosoa, na moja ya mapendekezo yao ni kwamba mwalimu afundishwe kama daktari anavyofundishwa, yaani ndani ya shule halisi iliyofungamana na chuo, kama hospitali ya rufaa ilivyofungamana na chuo cha udaktari.

Na daktari anavyofundishwa unajua. Ukilazwa Muhimbili, asubuhi bingwa anapita raundi na nyuma yake msururu wa vijana wenye makoti meupe mapya, anasimama kitandani kwako, anawauliza huyu ana nini, kijana anajibu, anakosea, bingwa anamrekebisha palepale na wewe unasikia. Inakera kidogo kukodolewa macho na watu kumi ukiwa na gauni la hospitali, ila sijawahi kusikia mtu anaikimbia Muhimbili kwa sababu kuna wanafunzi, watu wanatoka mikoani wanapigania wapelekwe. Kijana pale hashiki kisu peke yake. Na bingwa naye, akijua nyuma yake kuna macho kumi na maswali kumi, hawezi kufanya kazi kwa mazoea, lazima aseme kwa sauti kwa nini anafanya anachofanya.

Tena sisi neno tulikuwa nalo zamani, shule ya mazoezi. Vyuo vingi vya ualimu nyumbani vilikuwa na shule ya msingi pembeni, na mpaka leo zipo zinazoitwa Mazoezi hivyohivyo. Nilikokulia mimi wazazi walikuwa wanahangaika kupata nafasi pale. Huku Marekani John Dewey alianzisha ya kwake pale Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Shida ya shule za namna ile ya Dewey ni kwamba zilikuwa kama kisiwa, sehemu kubwa watoto wa maprofesa na majirani wenye uwezo, ada inalipwa, kila mtoto amelala kashiba na kwao kuna kabati la vitabu. Mtu anajifunzia kufundisha pale, alafu ajira anapata kwenye darasa lenye lugha tisa na mtoto aliyeingia nchini Jumanne iliyopita. Hapo ndo wazo la shule ya kawaida ya serikali, yenye mchanganyiko kama ya mwanao, lilipopata nguvu.

Mfano ninaoupenda upo hukohuko kwenye jimbo lenu, Worcester. Clark University ni chuo cha mwaka 1887, ndiko Freud alikokuja kutoa mihadhara mwaka 1909, na kipo Main South, mtaa wa viwanda vya zamani na nyumba za mbao za ghorofa tatutatu, umepokea kila wimbi la wahamiaji. Viwanda vilipokufa mtaa ukachakaa, chuo kikabaki na njia mbili, kujenga ukuta mrefu au kutoka nje. Kikatoka. Mwaka 1997, kwa kushirikiana na mamlaka ya shule za mji, ikafunguliwa shule ya serikali inaitwa University Park Campus School, ilianza na watoto 35 tu wa darasa la saba, watoto wa mtaa uleule, hakuna mtihani wa kuchuja, wengi kwao hakuongelewi Kiingereza na wengi waliingia wakiwa nyuma sana kwenye kusoma. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Donna Rodrigues. Wakawa wanaongeza darasa moja kila mwaka mpaka grade ya 12, wakaiacha ndogo makusudi. Lile kundi la kwanza lilipofika grade ya 10 walifaulu wote mtihani wa jimbo, MCAS, na mwaka 2003 likahitimu. Chuo pia kilitoa ahadi kwamba kijana aliyeishi mtaa ule miaka 5 na kuendelea, akikubaliwa Clark, halipi ada. Fikiria mama anafanya usafi usiku, anasikia hilo.

Ila kilichonivuta mimi kwenye habari ya Clark ni jinsi wanachuo wa ualimu walivyokuwa wanalelewa kwenye shule hiyo na nyingine za mtaa ule. Walikaa mwaka mzima wa shule, kuanzia watoto wanapofungua, wanaona mwalimu anavyojenga darasa siku zile za mwanzo ambazo hakuna mtu wa TP anayewahi kuziona. Na profesa mmoja pale, Thomas Del Prete, na walimu wa shule wakatengeneza kitu wakakiita hivyohivyo raundi, kama ya hospitali. Inakwenda hivi. Mwenye kipindi, awe mwanachuo au mwalimu mkongwe, asubuhi kabla ya kengele anawaeleza wenzake leo nafundisha nini, kwa nini, na nataka mniangalizie nini. Wanaingia, wanakaa karibu na watoto, wanaandika wanachosikia watoto wakisema. Kisha wanakaa pamoja, mwenye kipindi anaanza kusema yeye kwanza, ndo wengine wanafuata. Unaona hapo ule ujanja wangu wa mkono wa kulia usingefika popote, maana hakuna anayehesabu mikono, mtu kakaa sentimita thelathini kutoka kwenye daftari la mtoto.

Ngoja nikupe moja niliyoiona kwa macho yangu, shule siitaji. Darasa la baiolojia, kama la mwanao, mwanachuo anafundisha osmosisi, yaani maji yanavyopenya kwenda penye chumvi nyingi, vipande vya viazi kwenye maji ya chumvi, watoto wanapima urefu kwa rula. Kijana mmoja wa kutoka Tanga, mgeni, kakaa kona, haongei, kainamisha kichwa. Mwanachuo kampitia mara mbili, kaona kimya, akaandika kwenye karatasi yake kwamba huyu hafuati. Mwalimu mwenyeji alikuwa na kundi jingine. Mimi kwa bahati nilikuwa nimekaa jirani, nikachungulia daftari, pembeni mwa jedwali kaandika kwa Kiswahili kwa penseli: "kama ng'onda, ukipaka samaki chumvi maji yanamtoka." Dada, nilitaka kupiga makofi. Mtoto kaielewa osmosisi kuliko wote mle ndani, kaielewa kwa mkono wa mama yake anayeanika samaki, kilichokosekana ni Kiingereza cha kuitolea.

Tulipokaa baadae nikaitoa ile sentensi mezani, nikaitafsiri. Yule mwanachuo akanyamaza, uso ukamwiva. Mwalimu mwenyeji, mama wa makamo, hakumsema, alimuuliza tu, kesho utaanzaje? Na kesho yake akaanza kipindi kwa kuuliza: kwenu samaki anahifadhiwaje asioze? Yule wa Ghana akaeleza koobi, Mdominika akaeleza bakalao, Mvietnam akaeleza samaki anayekaa kwenye chumvi miezi mpaka anakuwa mchuzi, na yule kijana wa Tanga, kwa mara ya kwanza toka Septemba, akaenda ubaoni akachora samaki na mishale ya maji yakitoka. Somo likawa la kwao. Sasa nakuuliza, yule mwanachuo angekuwa tayari ameajiriwa, peke yake, mlango umefungwa, nani angemwambia? Angeendelea kuandika hafuati, hafuati, mpaka mtoto mwenyewe aamini.

Na hapo ndo nageukia hoja ya shemeji. Anasema shule za wenye pesa hakuna mambo haya. Yapo, tena sana. Wanachuo wa ualimu wamejaa vitongoji vya wenye nazo, na wengi wanaomba wenyewe kupelekwa huko, karibu na kwao, watoto watulivu, paki ya gari ipo. Shida inakuja baadae. Kajifunzia kule, ila nafasi za kazi zimejaa kwenu, kwa kuwa kwenu ndiko walimu wanakohama kila mwaka, basi Septemba anaingia kwa mwanao akiwa hajawahi kukaa na darasa la namna ile hata wiki moja, na hana wa kumshika mkono. Huyo ndo kinyozi anayejifunzia kwenye kichwa cha mtoto wa mhamiaji. Na huyo, dada, haletewi barua. Hakuna shule inayokuandikia kwamba mwalimu wa hesabu mwaka huu ni mgeni kabisa na yuko peke yake. Barua mmeletewa kwa yule mwenye mtu wa kumwangalia, ndo mmekasirika naye.

Watafiti wamelipima hili. Dan Goldhaber na wenzake, kwa takwimu za jimbo la Washington, mwaka 2017 walionyesha kwamba mwalimu mpya anafanya kazi vizuri zaidi kama watoto anaowafundisha wanafanana na wale wa shule aliyofanyia mazoezi. Kwa hiyo anayejifunzia kwenye mchanganyiko anaufaa mchanganyiko, na mtoto wa jirani yako mwakani ndo atakayefaidi. Baadae, 2020, wakaangalia lile swali lako lenyewe, je watoto wa darasa lenye mwanachuo wanarudi nyuma? Kwa wastani hapana, na mwalimu aliyempokea mwanachuo miaka inayofuata anakuwa bora kidogo. Mi silishangai hilo, ukimfundisha mtu kupika lazima ufikirie chumvi uliyokuwa unatia kwa mazoea.

Niweke na upande mwingine, isije ikaonekana nauza duka. Boston kuna programu ya tangu 2003, Boston Teacher Residency, mwanachuo anakaa darasani na mwalimu mwenyeji siku nne za wiki mwaka mzima. Ilipochunguzwa mwaka 2012 ikaonekana waliotoka pale wanadumu kazini kuliko wengine, na wamechanganyika zaidi kwa rangi na asili, ila mwanzoni kwenye hesabu walikuwa nyuma ya walimu wapya wenzao! Wakapanda haraka, mwaka wa nne wa tano wakawapita hata wakongwe. Yaani hata malezi mazuri hayamtoi mtu chuoni akiwa ameiva. Wanaoiva wanaivia kazini, swali ni wanaungua wangapi njiani na watoto wa nani wanakula ubichi.

Alafu kuna ubia wa picha. Huu shemeji akiuogopa nampa mkono. Mkuu wa chuo na mkuu wa shule wanatia saini, picha inapigwa, kibao kinawekwa getini, mwaka wa pili mkuu wa shule kahamishwa, anayekuja hajui hata namba ya simu ya chuo. Profesa kule chuoni anapandishwa cheo kwa makala anazochapisha, masaa anayokaa kwenye viti vidogo vya watoto hayahesabiwi popote, kwa hiyo anapunguza kuja. Mwalimu mwenyeji posho yake ndogo na vipindi hapunguziwi. Shule moja niliyopitia nilikuta mwanachuo wangu katupwa peke yake kwenye darasa la mwalimu aliyeugua, wiki nzima, kwa sababu mtu wa kushika kwa muda analipwa na mwanachuo ni bure. Nilipouliza nikaambiwa anapata uzoefu. Nilimtoa siku hiyohiyo, na ule urafiki na ofisi ile ukaishia hapo, sijutii.

Kwa upande wa sheria za jimbo lenu mna kinga kiasi. Mwanachuo Massachusetts hapewi leseni ile inayoitwa Initial mpaka afanye mazoezi ya darasani yasiyopungua masaa 300, na mwalimu mwenyeji anayemsimamia lazima awe na leseni, uzoefu wa miaka 3 kamili na tathmini nzuri ya kazi, hawezi kuwa yeyote tu aliyepatikana. Anaangaliwa mara kadhaa na mwenyeji na mtu wa chuo, na nyingine wanaingia bila taarifa. Anachunguzwa rekodi za jinai kabla hajaingia shuleni. Na walimu wa masomo kama baiolojia jimbo linawataka wawe wamesomea namna ya kufundisha watoto ambao bado wanajifunza Kiingereza. MCAS ya darasa la 10 bado inafanywa, ila toka wananchi walivyopiga kura Novemba 2024 haimzuii tena mtoto kuhitimu, kwa hiyo kama baba yake anapiga hesabu ya mtihani huo mwambie presha ipungue kidogo, kidogo tu.

Sasa Alhamisi. Kwanza kabisa omba mkalimani wa Kiswahili mapema, leo ukiweza, shule inatakiwa kumpa mzazi mawasiliano kwa lugha anayoielewa na hulipi hata senti. Usikubali mwanao awe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye mwenyewe, mtoto wa grade ya 10 atatafsiri yanayomfaa, mi ningefanya hivyo.

Ukifika usianze na mwalimu mkuu, atakupa hotuba. Mtafute mwalimu wa baiolojia mwenyewe. Muulize lile swali langu la mwanzo, mwanachuo akiwa mbele wewe unakuwa wapi. Mwenye ubia wa kweli atakujibu kwa mifano, atakwambia tunagawana darasa, Oktoba anachukua kundi moja, baada ya Krismasi anachukua kipindi kizima na mimi nakaa na waliokwama. Mwenye ubia wa picha atakujibu kwa maneno makubwa. Kisha muulize maksi anaweka nani. Mwanachuo anaweza kusahihisha, ila maksi za ripoti ni za mwalimu mwenye darasa, na jina lake ndo liwe pale. Muulize mtu wa chuo anakuja mara ngapi na je anaongea na wewe au anaongea na mwanachuo tu. Na muulize mwanachuo anaingia mwezi gani. Akisema Januari, hapo uwe macho, hiyo ndo TP yetu ile na viatu vyake vinavyong'aa. Akisema amekuwepo toka siku ya kwanza ya shule, pumua.

Ukiletewa fomu ya ruhusa ya kumrekodi mtoto video, maana wanachuo wengi wanajirekodi ili wajadili kipindi, isome au isomewe. Hutaki, usisaini, mtoto atakaa upande ambao kamera haifiki, hakuna ubaya. Mimi wa kwangu nilisaini, ila nilitaka kujua video inaonwa na nani na inafutwa lini.

Na mtafute mwanachuo mwenyewe. Wanakuwa wamesimama pembeni karibu na meza ya biskuti, wanaogopa wazazi kuliko nyie mnavyowaogopa wao. Mpe mkono, mwambie jina la mwanao linavyotamkwa, mara mbili, amwambie na mwenzie. Mwambie mtoto alisoma nini nyumbani na kwa lugha gani, maana kwenye faili la shule inaandikwa tu "Kiswahili" na hapo wanadhani mtoto hajawahi kuona darubini, kumbe sayansi ya nyumbani kashaipitia. Mwambie anapenda nini, anamsaidia nani nyumbani, anaogopa nini. Mwanachuo ana darasa moja au mawili, ana muda wa kuyakumbuka hayo ambao mwalimu mwenye watoto mia na ishirini hana. Kama ubia una uhai, uliza pia watoto wanapelekwa lini chuoni kuona maabara, na kama wakubwa wanaruhusiwa kuchukua kozi za chuo wakiwa bado shule, hiyo ndo faida ambayo wazazi wetu hawaiulizii wanaiacha inaliwa na wengine.

Kuhusu kumhamisha, mi ningesubiri mpaka mwisho wa Oktoba. Mtoto mwaka wa tatu nchini, ana marafiki, ana mwalimu wa Kiingereza anayemjua, ukimng'oa kwa sababu ya somo moja unaweza kumpeleka kwenye darasa lenye yule kinyozi wa peke yake nisemaye, na barua hutaletewa. Ila kila Ijumaa muulize swali moja tu, wiki hii ukikwama nani alikuja kukaa na wewe? Akikutajia jina, haya. Wiki tatu mfululizo akikwambia hakuna mtu, nipigie.

Jingine nje ya swali, samahani kama navuka mpaka. Umeandika barua yako vizuri, kwa mpangilio, nahisi kuna ualimu mahali humo ndani, wako au wa shemeji. Najua walimu wengi wa kwetu wanabeba boksi huku na vyeti vimelala kwenye begi. Hizi programu za ubia zinatafuta sana watu wazima wanaojua lugha za watoto, wengine wanaanzia usaidizi wa darasani wakiwa wanalipwa huku wanasoma. Kama cheti kipo, Alhamisi hiyohiyo muulize mtu wa chuo vinatafsiriwaje na kuthaminiwa vipi. Asipokujibu niandikie unitajie ni cheti cha chuo gani na mwaka gani, nitajua pa kukuelekeza.

Ukirudi kikaoni niambie mwalimu wa baiolojia alijibu nini kwenye lile la "wewe unakuwa wapi", na uyaandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe.